Sumaku haibebi mkanda: dhana potofu ninazozisikia kila mara

"Fundi, kama inaachia, si uweke sumaku kubwa zaidi?"

Karibu kila anayekuja kutaka mkanda wa kufunga kwa sumaku huniuliza hivyo, na swali hilo limenichosha. Wanauliza vijana wanaotaka mkanda usio na matundu. Wanauliza wanaomtafutia mama au baba aliyepooza mkono mmoja baada ya kiharusi. Wanauliza hata mafundi wenzangu, ambao walipaswa kujua. Wengine wanaleta mkanda ulioagizwa mtandaoni, umeshawaachia mbele za watu, na bado wanaamini kosa ni udogo wa sumaku. Nimeona niandike, ili atakayeuliza tena asome kwanza ndipo tuzungumze bei.

"Sumaku kubwa ndiyo itakayoshika"

Muuzaji akikuandikia kwamba kisahani chake cha sumaku kinavuta kilo 2, amekipima hivi: sumaku imegusa bamba nene la chuma, safi, lisilo na rangi, kisha ikavutwa wima hadi ikang'oka. Kipimo hicho ni cha kweli, na kisahani cha neodimiamu, ile sumaku kali ndogo yenye rangi ya fedha, chenye kipenyo cha milimita 10, unene wa milimita 3 na daraja la N42 (namba ikipanda, sumaku ni kali zaidi) hufika hapo au karibu na hapo. Tatizo ni kwamba mkanda hauvutwi wima. Ukiketi, ukiinama, ukichuchumaa, tumbo linasukuma na mkanda unavutwa kwa urefu wake, ncha moja kulia, nyingine kushoto. Sumaku hazing'olewi, zinateleza. Kinachozizuia zisiteleze ni msuguano, na nikeli laini inayofunika sumaku, juu ya chuma laini, haina msuguano wa kujivunia. Hesabu moja ya tano ya kilo zilizoandikwa, ukiwa na bahati robo. Kilo 2 zimekuwa gramu 400.

Bado hujaweka ngozi. Hakuna mteja anayetaka kuona sumaku tupu kiunoni, kwa hiyo tunaifunika. Milimita moja ya ngozi kati ya sumaku ndogo kama hiyo na chuma hula karibu nusu ya mvuto. Funika pande zote mbili, ziwe milimita mbili, na utabaki na kama theluthi. Ngozi au raba huongeza msuguano, hilo nalikubali, na ndiyo sababu sumaku zilizovishwa raba huwa hazitelezi upesi. Lakini unachopata kwenye msuguano unakilipa kwenye umbali, na jasho likiingia katikati hata huo msuguano unapungua.

Asiyeamini namfanyia jaribio moja hapo hapo mezani. Nachukua mkanda wa sumaku tupu, naufunga, naupitisha kwenye msumari wa ukutani ili kifungo kining'inie ubavuni, halafu chini nafunga dumu la lita 5 na kuanza kulijaza maji kwa kikombe. Dumu likijaa ni kilo 5, na uzito huo unagawanyika pande mbili za mkanda, kwa hiyo kifungo kinabeba nusu tu. Mara nyingi dumu halifiki hata nusu. Tazama kifungo wakati huo: hakifunguki kwa kishindo. Bamba la juu linaanza kusogea kidogo kidogo, sumaku ya kwanza inatoka kwenye ukingo wa mwenzake, mvuto unapungua, na kuanzia hapo zilizobaki haziwezi kubeba. Zote zinaondoka pamoja. Hivyo ndivyo mkanda wa sumaku unavyomwachia mtu kwenye daladala.

"Basi weka N52." N52 ina nguvu kuliko N35, kweli, ila kwa sumaku za umbo moja ziada yake ni kama nusu tu. Ukiwa na pengo la kujaza mara tano, nusu haikufikishi. "Basi weka nyingi." Ukiweka nyingi za kutosha kubeba mwili wa mtu mzima, umetengeneza kifungo kizito ambacho mzee mwenye mkono dhaifu hawezi kukifungua, kinachobana ngozi ya vidole kikijifunga, na ambacho kinanasa kwenye fremu ya chuma ya kiti chake cha magurudumu kila anapogeuka. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtengenezea! Nguvu ya ziada imemwongezea adha kwenye jambo lile lile alilokuja kutafutiwa nafuu.

Mfano unaowapotosha wengi ni mashati. Huko Marekani, Maura Horton alibuni mashati ya MagnaReady kwa ajili ya mumewe Don, kocha wa mpira wa Kimarekani aliyepata ugonjwa wa Parkinson na vidole vikashindwa vifungo. Sumaku zimeshonewa ndani, na juu vinaonekana vifungo vya kawaida. Ni kazi nzuri na naiheshimu sana. Lakini kifungo cha shati hakibebi kitu, kinazuia tu kitambaa kisipeperuke. Mkanda unabeba suruali, simu, funguo, na msukumo wa tumbo lililoshiba. Kilichotosha kifuani hakitoshi kiunoni.

Sasa ukweli wenyewe, ambao ningependa kila fundi wa ngozi aubandike ukutani: sumaku ikutanishe, chuma kibebe. Tengeneza bizimu la mabamba mawili. La chini liwe na ukingo uliosimama kama milimita 2, umekaa kukingama na mkanda. La juu liwe na kulabu pana inayoingia nyuma ya ukingo huo. Kila bamba litiwe sumaku ndogo moja au mbili, zitazamane kwa ncha zinazovutana. Mtu akisogeza bamba moja karibu na jingine, hata bila kuangalia, hata kwa mkono mmoja, zinavutana na kulabu inaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Mkanda ukivutwa, mzigo unaangukia chuma juu ya chuma. Sumaku imebaki na kazi ya kuzuia kulabu isiruke mtu akitembea au kuchuchumaa, na kwa kazi hiyo kile kisahani cha milimita 10 kinatosha. Kampuni ya Fidlock ya Hannover, Ujerumani, imejenga biashara nzima juu ya wazo hili. Ukifungua mkanda wa kofia ya baiskeli yenye kifungo chao utaona sumaku na meno vikifanya kazi pamoja.

Pembe ya ule ukingo ndiyo inayohitaji akili. Ukiulaza kuelekea ndani, kulabu inazidi kujikaza kadiri mkanda unavyovutwa. Salama kabisa, lakini mwenye mkono mmoja hawezi kuifungua akiwa ameketi, na anahitaji kuifungua chooni, haraka. Ukiulaza kuelekea nje, unaachia. Mimi nausimamisha wima, au naulaza ndani kidogo sana, halafu bamba la juu naliongezea ulimi wa kunyanyulia kwa kidole gumba. Sumaku hung'oka kirahisi ikinyanyuliwa kutoka ukingoni, na hapo udhaifu wake unamsaidia mvaaji.

"Panga sumaku kwa mstari, mkanda utarekebishika popote"

Hauwezi kurekebishika popote. Utarekebishika kwa hatua, na hatua hiyo ni umbali wa kutoka kitovu cha sumaku moja hadi kitovu cha jirani yake. Ukizipanga zote zikitazama upande mmoja kila milimita 12, utapata hatua za milimita 12, lakini mkanda ukizidiwa utaruka kutoka hatua moja hadi nyingine, ukilegea polepole bila wewe kujua. Ukizipanga kwa kupishana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, zinajiweka sawa zenyewe na kukataa mahali pasipo pake, ila hatua inakuwa maradufu, milimita 24, kwa sababu ukisogeza nafasi moja zinafukuzana. Hizo 24 ni karibu sawa na matundu ya mkanda wa kawaida, ambayo hukaa milimita 25 hivi. Umetumia sumaku kumi kupata kile ambacho kitoboleo kingekupa bure.

Kufunga na kurekebisha ni kazi mbili, zitenganishe. Kwa kurekebisha, chukua kile kiplastiki chenye vijiti kwenye mikanda ya begi la mgongoni, ambacho utepe unapita juu na chini yake. Kiweke ubavuni au nyuma. Mvaaji, au anayemsaidia, anapima kiuno mara moja, anavuta utepe hadi unakaa vizuri, na baada ya hapo kila siku anafunga na kufungua tu mbele. Akinenepa au akikonda, anarudi kwenye kiplastiki. Ni cha bei ndogo, hakina hatua, na kinabana zaidi kadiri unavyokivuta.

"Chuma chochote kitafaa upande wa pili"

Shaba hainaswi. Alumini hainaswi. Stenlesi inategemea: ya daraja la 304, ile ya sufuria nyingi nzuri, haivutwi au inavutwa kidogo mno, na ya 430 inavutwa vizuri. Nenda dukani na sumaku mfukoni, usimwulize muuzaji. Na bamba lisiwe jembamba kama kopo. Chini ya milimita moja haliwezi kupokea mvuto wote, na sumaku uliyolipia inafanya kazi nusu.

Nikiwa hapo niseme kuhusu sumaku za bure. Zile nyeusi za spika mbovu ni feraiti: hazishiki kutu, lakini ni dhaifu na nene, hazina nafasi kiunoni. Zile zinazong'olewa kwenye diski za kompyuta kuukuu ni neodimiamu kweli, na zina nguvu, ila uso mmoja una ncha mbili, nusu kaskazini, nusu kusini. Fundi asiyejua hilo atashangaa kwa nini mkanda unajifunga upandeupande.

"Sumaku huisha nguvu baada ya muda"

Haiishi kwa kukaa. Neodimiamu isiyoteswa itakuwa karibu na nguvu zake zilezile hata mkanda wenyewe ukichakaa. Huuawa na joto. Madaraja ya kawaida yasiyo na herufi ya ziada mwishoni, kama N42, kikomo chake ni nyuzi 80 za Selsiasi, na pasi ya kunyooshea pamba hukaribia 200. Ukipiga pasi kitambaa kilichokwisha kushonewa sumaku, au ukilehemu karibu nayo, umeiharibu mwenyewe. Tia sumaku mwisho, kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya.

Adui wa pili ni kutu. Sumaku hii sehemu yake kubwa ni chuma, na kinachoilinda ni ngozi nyembamba ya nikeli. Ikikwaruzwa, jasho na hewa ya chumvi vinaingia, inavimba na kupasuka. Sisi wa pwani tuifungie ndani kabisa.

"Inatibu mgongo"

Haitibu. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio la wagonjwa 20 wenye maumivu sugu ya kiuno, waliotumia sumaku halisi na za bandia kwa zamu. Hakukuwa na tofauti. Chuma kilichomo kwenye damu hakivutwi na sumaku kama msumari. Ninauza mkanda, siuzi dawa, na anayekuuzia vyote viwili kwa pamoja mwache.

"Itaharibu simu" na "haina madhara yoyote"

Picha na namba zako hazifutiki. Kinachovurugika ni dira ya simu, kwa hiyo ukitafuta kibla kwa programu, shika simu mbali na kiuno. Kadi ya benki yenye chipu haina shida kwenye chipu, lakini ule utepe mweusi wa nyuma unaweza kufutika, na kadi za milango ya hoteli zenye utepe kama huo hufutika upesi zaidi.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ni jambo jingine. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri vifaa vya kielektroniki vyenye sumaku kali, kama baadhi ya simu na saa, vikae angalau inchi 6, yaani sentimita 15, mbali na kifaa hicho. Kiunoni ni mbali, lakini mkanda huvuliwa, hukunjwa, hubebwa kifuani, hulaliwa. Mwenye pampu ya insulini anayeivaa kwenye mkanda naye ana la kuuliza. Mimi huwauliza wateja kabla ya kupima kiuno, na akiniambia ndiyo, namrudisha kwa daktari wake kwanza.

Na kuna hili ambalo silifanyii mzaha. Sumaku iliyobandikwa tu kwa gundi juu ya ngozi itang'oka siku moja, na mtoto ataiokota. Mtoto akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Fungia kila sumaku ndani ya bamba lililofunikwa na kukazwa kwa ribiti, au ndani ya mfuko ulioshonwa mistari miwili. Ukikuta nafasi moja kwenye mkanda iko tupu na nyumbani kuna mtoto mdogo, usingoje aende haja. Mpeleke hospitali muda huo huo, na umwambie daktari kwamba ni sumaku.