Maandalizi ya Mkopo wa Chuo Yaanze Kidato cha Tano

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunguliwa, ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi hapa Dodoma hupokea vijana waliopata udahili lakini wakakosa mkopo. Wengi wao ni watoto wa wakulima wa uwele na alizeti kutoka Chemba, Bahi, Mpwapwa na Manyoni, waliofaulu vizuri katika shule za serikali, na ambao dhiki ya kwao jirani yeyote anaijua ila haimo katika karatasi hata moja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haina namna ya kupita kaya kwa kaya kutazama hali za watu. Hupima uhitaji kwa nyaraka, na mwombaji mwenye nyaraka pungufu huonekana kama mtu anayejiweza.

Ratiba nayo haimsaidii mtoto wa kijijini. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, kisha wahitimu wengi huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wengine katika kambi ya hapa Makutupora na wengine mikoa ya mbali, na dirisha la maombi ya mkopo kwa kawaida huwa wazi katika kipindi hichohicho. Kijana aliye kambini hawezi kumfuata mtendaji wa kijiji kuomba barua, na mzazi aliyebaki nyumbani mara nyingi hajui hata kinachotakiwa. Ndiyo maana tunawasihi wazazi na walimu waanze kukusanya nyaraka mtoto akiwa kidato cha tano.

Linalotusumbua kuliko yote ni majina. Binti mmoja kutoka Kondoa alitandaza karatasi tatu mezani kwangu: cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa jina la baba kuwa Yohana, cheti cha kidato cha nne kilichoandikwa John, na cheti cha kifo cha baba kilichobeba jina la ukoo ambalo halikuwamo katika zile mbili. Mama yake, aliyekuwa ameketi pembeni na kanga yake magotini, hakuelewa shida iko wapi, kwa sababu pale kijijini marehemu aliitwa kwa majina yote hayo. Lakini anayehakiki maombi hana wa kumuuliza, na kusawazisha majina kunahitaji hati ya kisheria ambayo haipatikani kwa siku mbili. Mzazi akitazama cheti cha kuzaliwa na jina lililosajiliwa shuleni kabla mtoto hajafanya mtihani wa kidato cha nne, atajiokoa na safari nyingi.

Cheti chenyewe nacho hakitoshi mpaka kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kwa yatima hali ni ngumu zaidi, maana kifo kilichotokea nyumbani na kuzikwa bila taarifa kupelekwa kwa msajili hakina cheti, na mtoto hawezi kuthibitisha kwamba amefiwa na mzazi. Usajili wa kifo uliochelewa huanzia kwa uongozi wa kijiji na kuishia kwa msajili wa wilaya, na nimeona familia zikizungushwa kwa miezi. Kaya zilizo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, zitunze namba ya kaya, na mwenye ulemavu apate uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Maombi hufanyika mtandaoni, na ada yake kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 30,000, ambazo kwa mama anayeuza mboga si fedha ndogo. Vijana wengi hujaziwa fomu na wahudumu wa steshenari, na hapo ninawaomba wawe waangalifu sana: namba ya simu na barua pepe ziwe za mwombaji mwenyewe, si za mhudumu, kwa sababu taarifa zote zitatumwa huko. Fomu ikishachapwa husainiwa na mwombaji na mdhamini wake, hupitishwa na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, huthibitishwa kwa wakili au hakimu, kisha hurudishwa kwenye mfumo. Muhuri mmoja ukikosekana, maombi hayajakamilika.

Waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika masomo ya sayansi wafuatilie pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, kwa kuwa huo haurejeshwi. Mkopo hurejeshwa, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Jambo hili kijana aambiwe mapema, anapochagua kozi, na si siku ya mshahara wa kwanza.

Aliyekosa katika awamu ya kwanza asifungashe haraka kurudi kijijini, kwani lipo dirisha la rufaa, ingawa huwa fupi na humfaa zaidi yule ambaye nyaraka zake ziko tayari. Binti wa Kondoa hakuliwahi. Hati yake ya majina ilikamilika dirisha likiwa limeshafungwa, akalazimika kuahirisha masomo kwa mwaka mzima. Mdogo wake sasa yuko kidato cha tatu, na mama yao ameshaleta vyeti vyake tuvikague.