Acheni kuzidisha hekta kwa dola

Nimeletewa tena andiko la mradi lenye hesabu ileile: hekta za mikoko mara dola kwa hekta, kisha jumla imekolezwa wino, "thamani ya msitu". Hizo dola zimetoka wapi? Thailand! Zimetua mwambao wetu kama zilivyo, hata vumbi la safari hazijapanguswa.

Kuazima makadirio ya kwingine si kosa, maana utafiti wa nyanjani ni ghali. Ila ukiazima unarekebisha: kipato, bei ya samaki, idadi ya watu wanaoishi nyuma ya msitu. Hayo yanajulikana, napita.

Kinachonikera ni ule mzidisho, unaochukulia kila hekta kuwa pacha wa jirani yake. Chukua kinga ya mawimbi. Mawimbi ya upepo yakipita mita 100 za mikoko, kimo chake hupungua kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea wingi wa mizizi, kina cha maji na mengineyo. Tena sehemu kubwa ya kazi hufanyika mwanzoni, wimbi linapoingia. Kwa kinga hiyo, mlilana wa ukingoni mwa bahari na mchu ulioko nyuma karibu na nchi kavu, aina mbili za mikoko, havilingani hata kidogo. Na msitu ukishabaki ukanda mwembamba, kila hatua inayokatwa inauma kuliko iliyotangulia. Afisa anayeamua kibali cha bwawa la chumvi hauzi msitu mzima, basi jumla ya msitu mzima atafanyia nini? Mwambieni kipande hiki kikiondoka, hapa, nani anapoteza nini.

Mwaka 1997 mtafiti Robert Costanza na wenzake walikadiria huduma za mifumo ikolojia ya dunia nzima, yaani faida ambazo watu hupata kutokana na mazingira, kwa wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka, ilhali pato la dunia lilikuwa kama trilioni 18. Kwa kuamsha waliolala, hewala. Kwa kupima kiasi ambacho watu wangekubali kulipa, wangelipa kwa fedha ipi?

Wengine wanashika mapato ya Mikoko Pamoja, mradi wa jamii kule Gazi, Kwale, Kenya: hekta 117, ulioanza 2013, wanauza hati za hewa ukaa inayonaswa na msitu, fedha zinaingia kwenye maji na shule. Mradi mzuri sana. Lakini mnunuzi analipia kaboni. Kaa, boriti na mazalia ya samaki hayamo kwenye bei yake. Na tafadhali, msijumlishe samaki wachanga wa mikokoni na samaki waliovuliwa nje. Ni walewale.

Mimi nami sina raha na kiwango cha punguzo, ile asilimia ya kila mwaka inayoshusha thamani ya fedha za baadaye kuwa thamani ya leo. Shilingi 1,000 ya miaka 50 ijayo, kwa asilimia 10, leo ni kama shilingi 8 na nusu. Kwa asilimia 3 ni kama 228. Msitu uleule! Nachagua kiwango, naandika aya ya kukitetea, huku najua mwenzangu angetetea kingine vizuri vilevile.

Utayari wa kulipa, yaani kuwauliza watu wangetoa kiasi gani ili msitu ubaki, nao una lake. Asiye nacho hutaja kidogo, na fomula inasoma kwamba hajali. Siku hizi wengine tunauliza mtu angetoa siku ngapi za kazi badala ya fedha. Inasaidia, ila siku ya mvuvi wakati wa kusi, chombo kikiwa kimepumzika ufukweni, si siku yake wakati wa kaskazi, na bado sijaona njia ya kuzigeuza shilingi inayoniridhisha.