Wanaanga wanaelea kwa sababu wanaanguka

Likizo zikifika, makundi ya WhatsApp ya wazazi hapa Nairobi hujaa picha za roketi za katoni na chupa za soda, na mimi huzipenda zote. Mtoto aliyekata, akabandika na kupaka rangi mwenyewe hasahau alichotengeneza. Kinachonikera ni ile karatasi ndogo chini ya mwanaanga anayening'inia kwa uzi: “Angani hakuna graviti, ndiyo maana tunaelea.” Mwandiko ni wa mtoto, lakini maneno ni ya mzazi.

Maana yenyewe ni fupi. Kutokuwa na uzito ni hali ya kitu kinachoanguka bila kuzuiwa, pamoja na kila kilicho karibu nacho. Sakafu inaanguka, wewe unaanguka, kikombe chako kinaanguka, vyote kwa kasi ile ile, kwa hiyo hakuna kinachomlalia mwenzake. Mvutano wa dunia, yaani hiyo graviti, upo palepale, na ndio unaowaangusha.

Tena upo tele. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi kutoka ardhini. Kwenda Mombasa kwa barabara ni kama kilomita 480, yaani kituo kikipita juu ya jiji, wanaanga wako karibu nasi kuliko jamaa zetu wa Likoni. Na mvutano huhesabiwa kutoka kitovu cha dunia, kilomita 6,371 chini ya miguu yetu. Ukiongeza 400 juu ya hizo hujabadilisha mengi. Lau ungejengwa mnara wa urefu huo, mtu wa kilo 60 akapanda kileleni na mizani yake, ingemsomea kilo 53 hivi. Angefurahia kupungua, ila asingeelea. Kiatu kikimponyoka kingeanguka hadi huku chini.

Mbona basi kituo hakituangukii? Kwa sababu kinakwenda upande, karibu kilomita 28,000 kwa saa. Newton alilieleza hili tangu karne ya 17, kwa mfano wa mzinga wa kivita uliowekwa juu ya mlima mrefu kupindukia. Kitu chochote ukikiachilia huanguka kama mita 5 katika sekunde ya kwanza. Dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, hujikunja kwenda chini mita 5 hivi kila kilomita 8. Risasi ya mzinga ikienda kilomita 8 kwa sekunde, inaanguka kweli, lakini ardhi nayo inaikwepa kwa kiasi kile kile. Kituo kinaanguka hivyo usiku na mchana bila kufika, kikimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 90 hivi.

Huko kwenda upande ndiko kugumu katika safari za anga, na ndiko wazazi wanakokuruka. Roketi ikipanda wima kilomita 100 na kuzima injini, abiria wake huelea dakika chache tu, kisha hao, wanarudi chini. Ndiyo maana Waitaliano walikuja kurushia roketi Ngomeni, karibu na Malindi. Jirani na ikweta, ardhi inakimbia kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inapewa kasi hiyo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kwenye jukwaa la San Marco, baharini hapo hapo, ikapewa jina Uhuru. Mtoto wa Nairobi anayejua majina ya roketi za Florida na hajui hili amepunjwa.

Sasa, badala ya uzi, chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita. Mzazi apashe msumari moto atoboe tundu moja karibu na kitako. Mtoto azibe tundu kwa kidole, chupa ijazwe maji, kifuniko kiachwe wazi. Apande kwenye stuli uani, pale penye kamba za nguo (si kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, tafadhali, kuna watu wanapita), kisha aondoe kidole. Maji yanaruka nje. Halafu aiachilie chupa. Inapoanguka, maji yanaacha kutoka. Ni zaidi kidogo ya nusu sekunde, kwa hiyo mwingine arekodi kwa simu, mwendo wa polepole, la sivyo mtabishana hadi jioni.

Maji huruka kwa sababu yale ya juu yanayakandamiza ya chini. Yote yakianguka pamoja na chupa, hakuna anayemkandamiza mwenziwe, na tundu linabaki kama limezibwa. Mtoto mwerevu atapinga hapo hapo: lakini graviti si iko hapa uani? Iko. Haijapungua hata chembe, na maji yamepoteza uzito vilevile.

Kwa hiyo akirudi kukwambia kwamba angani hakuna graviti, usimkatize. Mwulize tu mwezi, ulio karibu kilomita 384,400 kutoka hapa, unazuiwa na nini usiende zake.