Oliver Cromwell nyumbani kwake: maneno ya watu na ukweli

Kiingereza kina neno moja tu kwa baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi. Pengine ndiyo maana wengi wanaosoma historia ya Uingereza huwachanganya akina Cromwell wawili, Thomas aliyekuwa waziri wa mfalme Henry VIII na Oliver aliyeitawala Uingereza bila taji, wakadhani mmoja ni babu wa mwenzake. Kwa Kiswahili kosa hilo lisingefika mbali, maana kesi yote hapa ni ya mjomba.

"Oliver ni uzao wa Thomas Cromwell, yule waziri wa Henry VIII"

Si uzao wake. Thomas alikatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540, na Oliver anamhusu kupitia kwa dada wa huyo Thomas, Katherine. Huyo Katherine aliolewa na Morgan Williams, mtu wa Wales aliyekuwa akipika pombe huko Putney, wakamzaa Richard. Mjomba alipopanda cheo akawa mkono wa kulia wa mfalme, Richard akaona heri achukue jina la ujombani. Nani angemlaumu?

Richard akamzaa Henry, Henry akamzaa Robert, Robert akamzaa Oliver mjini Huntingdon tarehe 25 Aprili 1599. Piga hesabu: Oliver ni kitukuu cha Richard na kilembwe cha Katherine. Ukifuata upande wa baba, mtu aliyeitawala Uingereza bila taji alikuwa Williams, na ukoo wake uliendelea kuandika majina yote mawili kwenye hati za kisheria. Kwa Thomas walirithi jina, na mali pia: nyumba za watawa zilipovunjwa, Richard alijipatia ile ya watawa wa kike ya Hinchingbrooke, nje kidogo ya Huntingdon, na wanawe wakaigeuza jumba la kifahari.

"Alikuwa mkulima maskini asiyejulikana"

Hapa kuna chembe ya ukweli. Jumba lilikwenda kwa mwana wa kwanza; Robert, babake Oliver, alikuwa mdogo, akaambulia fungu dogo. Alipofariki mwaka 1617, Oliver alikuwa kijana wa miaka 18 chuoni Sidney Sussex, Cambridge. Akarudi nyumbani kwa mama mjane na dada zake. Kati ya watoto waliokua wakawa watu wazima, wa kiume alikuwa yeye peke yake. Wasichana walikuwa saba. Mwaka 1620 akamwoa Elizabeth Bourchier, binti wa mfanyabiashara tajiri wa ngozi na manyoya jijini London, na mwaka 1628 akawa mbunge wa Huntingdon.

Kisha mambo yakamwendea kombo. Mwaka 1631 aliuza karibu kila alichokuwa nacho akahamia St Ives, akawa mpangaji kwenye shamba la mtu. Mbunge wa juzi, leo anakodi ardhi! Aliyemnyanyua ni mjomba mwingine, safari hii kaka wa mama yake: Sir Thomas Steward, ambaye hakuwa na mtoto, alifariki mwaka 1636 akamwachia nyumba mjini Ely pamoja na kazi ya kukusanya zaka za kanisa kuu. Mwaka 1654 Oliver aliliambia Bunge kwamba alizaliwa mwungwana, hakuishi juu sana wala hakuishi gizani. Ni nadra mwanasiasa kujieleza kwa usahihi namna hiyo.

"Alikuwa jiwe, hakuwa na huruma hata kwa watu wake"

Julai 1644, siku tatu baada ya pambano la Marston Moor, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Bunge na mfalme, Oliver alimwandikia shemeji yake Valentine Walton, mume wa dada yake Margaret. Barua inaanza kwa furaha ya ushindi, adui amefyekwa, Mungu asifiwe. Halafu inageuka ghafla: "Bwana, Mungu amemchukua mwanao mkubwa kwa risasi ya mzinga. Ilimvunja mguu. Ikatulazimu tuukate, na kwa hilo akafa." Hakuna kuzungukazunguka. Sentensi tatu fupi, kila moja inabeba hatua moja ya msiba, kama mtu anayeshuka ngazi gizani huku amemshika mwenzake mkono. Kisha anamkumbusha shemeji kwamba na yeye yamemfika hayo hayo.

Yalikuwa yamemfika kweli. Miezi michache kabla, mwanawe Oliver, askari kijana wa miaka 21, alikuwa amekufa kwa ndui kambini Newport Pagnell. Na mwaka 1639 alimpoteza kifungua mimba wake, Robert, akiwa na miaka 17, naye akiwa shuleni Felsted. Karibu miaka 20 baadaye, mwenyewe akiwa kitandani mgonjwa, alisema kifo cha mwanawe mkubwa kilimwingia moyoni kama jambia.

Barua kwa mkewe ziko vivyo hivyo. Kesho yake baada ya ushindi wa Dunbar, Scotland, Septemba 1650, alimwandikia Elizabeth kwamba yeye ni mpenzi kwake kuliko kiumbe chochote, na neno hilo limtoshe.

Lakini asije mtu akadhani barua hizi zinamsafisha. Mwaka mmoja kabla ya Dunbar, Septemba 1649, mkono huohuo uliandika taarifa ya kutekwa kwa Drogheda, Ireland. Humo alikiri kwamba aliwakataza askari wake wasimwache hai yeyote aliyekutwa na silaha mjini. Mapadri pia waliuawa. Baba anayelia mwanawe na jenerali anayenyima watu rehema walikuwa mtu mmoja, na sioni faida ya kumficha mmoja wao ili mwingine aonekane vizuri.

"Alipiga marufuku Krismasi, muziki na kila cha kufurahisha"

Krismasi ilifutwa na Bunge, kwa sheria ya Juni 1647, wakati Oliver ni mbunge na jemadari lakini bado si mtawala. Hata majumba ya maigizo yalifungwa na Bunge mwaka 1642. Alipokuwa Bwana Mlinzi, yaani mkuu wa nchi, kuanzia Desemba 1653 hakuirudisha Krismasi, kwa hiyo lawama fulani anastahili. Ya muziki, hapana. Aliagiza kinanda cha kanisa cha Chuo cha Magdalen, Oxford, kihamishiwe kwenye kasri lake la Hampton Court, na alimwajiri John Hingeston awe mkuu wa wanamuziki wake. Chini ya utawala wake, mwaka 1656, London iliona opera yake ya kwanza ya Kiingereza.

Anayebaki na shaka aende harusini. Novemba 1657 Oliver aliozesha mabinti wawili wa mwisho ndani ya juma moja lililozidi siku kidogo. Frances aliolewa na Robert Rich, mjukuu wa Earl wa Warwick, na sherehe ikafanyika Whitehall. Kulikuwa na fidla 48, na wanaume na wanawake walicheza pamoja hadi saa 11 alfajiri. Hiyo ndiyo nyumba ya Mpuritani, Mprotestanti wa msimamo mkali, tuliyeambiwa alikuwa na sura ya matanga mwaka mzima. Mary alifuata, akaolewa na Lord Fauconberg huko Hampton Court. Furaha ya Frances haikudumu: bwana harusi alifariki Februari, hata miezi minne haijatimia.

"Mkewe alikuwa mshamba bahili"

Hili lilitungwa. Wafuasi wa mfalme walimpachika Elizabeth jina la Joan, jina la kijakazi, na mwaka 1664, utawala wa kifalme ukiwa umerudi, kikatoka kijitabu cha mapishi kilichodai kufichua jikoni kwake. Utangulizi ni masimango matupu. Kichekesho ni kwamba leo wanahistoria wa chakula wanakifurahia, maana kwa kutaka kumcheka wametuhifadhia mapishi ya enzi ile.

"Richard, mwanawe, alikuwa mjinga, akaangusha kila kitu"

Richard alirithi madaraka Septemba 1658 na kuyaacha Mei 1659. Alirithi pia madeni makubwa ya serikali, na jeshi ambalo halikumheshimu kwa sababu hakuwahi kulipigania. Mwaka 1660 alikimbilia Ufaransa akiacha mke na watoto, akaishi kwa majina ya bandia, akarejea baada ya miaka kama 20. Alifariki mwaka 1712 akiwa na miaka 85. Kati ya watu waliowahi kuwa wakuu wa nchi Uingereza, hakuna aliyemzidi umri hadi Malkia Elizabeth II mwaka 2012. Mjinga hatoki salama kwenye mikono ya mfalme ambaye baba yake alikatwa kichwa kwa hati yenye saini ya babake yeye.

"Kaburi lake halijulikani"

Oliver alifariki tarehe 3 Septemba 1658 akazikwa Westminster Abbey. Januari 1661, siku iliyotimiza miaka 12 tangu mfalme Charles I auawe, maiti ya Oliver ilifukuliwa, ikatundikwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, ikakatwa kichwa. Kichwa kilichomekwa kwenye mti juu ya Westminster Hall kwa miaka mingi, kikaja kupita mikono ya watu binafsi, na mwaka 1960 kikazikwa Sidney Sussex, chuo alichokiacha babake alipofariki. Kuhusu kiwiliwili kuna hadithi kwamba Mary aliwahonga walinzi akakipeleka kwa mumewe Newburgh Priory, Yorkshire. Kaburi analoonyeshwa mgeni pale limefungwa, na wenyeji hawaruhusu lifunguliwe.

Mama yake mzazi, aliyezikwa Abbey mwaka 1654, naye alifukuliwa Septemba 1661 akatupwa katika shimo la pamoja kwenye uwanja wa kanisa jirani. Aliyeachwa ni mmoja: binti wa Oliver, Elizabeth Claypole, kipenzi chake, aliyekufa Agosti 1658, mwezi mmoja kabla ya babake. Inasemwa alikuwa akiwaombea msamaha wafungwa wa upande wa mfalme. Bado yupo mle ndani, kati ya wafalme.