Protini za utando wa seli hazijikunji bila msaada

Christian Anfinsen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, alionyesha kwamba kimeng'enya cha ribonukleasi kilichokunjuliwa hurudia umbo lake chenyewe katika neli ya maabara, na tangu hapo imeenea imani kwamba protini zote hujikunja, yaani hupata umbo lake la kufanyia kazi, bila msaada wowote. Kwa protini za utando wa seli, imani hiyo inapotosha. Vipande vyake vinavyopenya utando, ambavyo mara nyingi huwa na takribani asidi amino 20 zinazoepuka maji, vikiachwa wazi katika majimaji ya seli hushikamana ovyo na kuwa mabonge yasiyofanya kazi. Ndiyo maana protini nyingi za aina hii hudakwa na chembe ya SRP, inayozitambua na kuzisindikiza, zikiwa bado zinatoka katika ribosomu (mtambo wa seli unaounda protini), kisha hufikishwa kwenye mlango wa Sec61 ulio katika utando, ambao hufunguka hata ubavuni ili vipande hivyo viingie katika mafuta ya utando. Katika bakteria wa Escherichia coli, protini za utando wa nje husindikizwa na SurA na Skp, ambazo ni shaperoni (protini saidizi), hadi kwenye changamano la BAM, kundi la protini linaloziingiza katika utando huo. Hata hivyo, na jambo hili husahauliwa mno, shaperoni hazibuni umbo, kwa kuwa maelekezo ya umbo yamo katika mfuatano wa asidi amino. Kazi yake ni kuzuia mishikamano isiyofaa mpaka protini ifike inapoweza kujikunja.