Je, wajua kwa nini mfalme alisimama pekupeku kwenye theluji akimsubiri Papa?

Januari 1077, Mfalme Henry IV wa Ujerumani alivuka milima ya Alps katikati ya baridi kali, yeye na mkewe Bertha na mtoto wao mdogo, hadi ngome ya Canossa kaskazini mwa Italia. Papa Gregory VII alikuwa humo ndani. Kwa siku tatu mfalme alikaa langoni pekupeku, amevaa nguo ya sufu ya mtu anayetubu, akiomba asamehewe. Ndipo akafunguliwa.

Papa huyo hakuwa na jeshi la kumtisha. Hata ngome haikuwa yake, ilikuwa ya Matilda, mtawala wa Toscana. Nini basi kilimsukuma mfalme mpaka pale?

Ugomvi ulihusu nani ateue maaskofu. Enzi hizo askofu alichunga roho za watu, lakini pia alishika mashamba makubwa, mapato na askari, kwa hiyo aliyeteua maaskofu alishika dola. Gregory alipomkataza kuwateua, Henry aliwakusanya maaskofu wake mjini Worms, Januari 1076, wakatangaza kwamba hawamtambui tena Gregory kuwa Papa. Mwezi uliofuata Papa akamtenga mfalme na Kanisa, kisha akafanya jambo zito zaidi: akawaondolea raia wake kiapo cha utii.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Wakuu wengi wa Ujerumani, hasa wa Saxony, walikuwa wameshakosana na Henry, na sasa walipewa sababu halali ya kumwasi. Wakamwekea muda: mwaka ukipita bila kuondolewa adhabu, si mfalme wao tena. Imani ya watu wa zama hizo ilikuwa ya kweli, na hofu ya jehanamu vilevile. Hata hivyo, naamini neno la Papa lilikuwa na meno kwa sababu palikuwa na watu wenye silaha waliotaka kulitekeleza. Henry alipopata nguvu tena, aliingia Roma na jeshi mwaka 1084, na Gregory akafia uhamishoni Salerno mwaka uliofuata.

Kanuni hiyohiyo ilimpata John wa Uingereza. Papa Innocent III alisimamisha ibada nchini humo kuanzia 1208, lakini John alivumilia miaka mingi. Alisalimu amri mwaka 1213, mfalme wa Ufaransa alipokuwa akijiandaa kumvamia. Akaukabidhi ufalme wake kwa Papa na kuupokea tena kama kibaraka wake.

Sasa tazama Ufaransa. Mwaka 1296 Papa Boniface VIII alikataza wafalme kuwatoza kodi makasisi bila idhini yake. Mfalme Philip IV wa Ufaransa alijibu kwa kuzuia dhahabu na fedha kutoka nje ya nchi, na hazina ya Papa ikaumia. Mgogoro ulipofufuka, Philip aliwaita Paris makabaila, makasisi na wawakilishi wa miji, Aprili 1302, nao wakasimama naye. Novemba Boniface akatoa hati ya Unam Sanctam, akisema kila binadamu lazima awe chini ya Papa ili aokoke. Maneno makali mno, lakini safari hii wakuu hawakuinuka dhidi ya mfalme wao. Philip alikuwa na wanasheria, watoza kodi na mahakama zilizofika mbali, na askofu wa Kifaransa alimwogopa mfalme aliye karibu kuliko Papa aliye Roma.

Tarehe 7 Septemba 1303, Guillaume de Nogaret, mwanasheria wa Philip, akishirikiana na Sciarra Colonna, wa ukoo wa Kirumi uliokuwa adui wa Papa, alivamia makao ya Papa mjini Anagni na kumshika. Wenyeji walimwokoa baada ya siku chache, lakini mwezi uliofuata alifariki.

Mwaka 1309 Papa Clement V, Mfaransa, alihamia Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa ya leo, na mapapa wakakaa huko mpaka 1377. Mwaka 1378 wakachaguliwa mapapa wawili wanaoshindana: Ufaransa ikamfuata wa Avignon, Uingereza wa Roma. Jaribio la kuwapatanisha mwaka 1409 likazaa wa tatu. Mpaka Martin V alipochaguliwa mwaka 1417 kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa Constance, mfalme aliyechukizwa na Papa mmoja alikuwa na mwingine wa kumgeukia.