Dhana potofu kuhusu drifti, na kinachotokea chini ya gari

Magari ya Kijapani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Toyota Altezza, Mark II, Chaser na Mark X, yamezoeleka mno katika barabara za Tanzania na Kenya, na pamoja nayo umekuja mchezo wa drifti, uliokulia kwenye barabara za milimani nchini Japani, wa kuliserereshesha gari kwa ubavu katika kona huku dereva akiwa amegeuzia usukani upande wa pili. Ni mchezo wenye ustadi wa kweli. Keiichi Tsuchiya, dereva aliyezaliwa mwaka 1956, aliujengea jina akitumia Toyota AE86, na mashindano ya D1 Grand Prix yaliyoanza mwaka 2000 yakaupa kanuni, waamuzi na viwanja. Tatizo ni kwamba sifa zake zimesafiri mbali kuliko maarifa yake ya ufundi. Vijana wengi wanaopiga drifti kwa gari lile lile linalowapeleka kazini wameambiwa mambo ambayo fundi yeyote aliyewahi kufungua difu, yaani kasha la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, angeyakataa, na madhara yake humwangukia dereva, abiria wake, na mara nyingi mtu atakayelinunua gari hilo baadaye.

Dhana: Drifti humaliza matairi tu, na ukiyabadilisha gari linabaki zima.

Tairi ndilo linaloonekana likiisha, kwa sababu hutoa moshi na kuacha michirizi kwenye lami. Visivyoonekana ni vyuma vyote vilivyo kati ya injini na tairi hilo. Dereva anapotaka mkia wa gari uachie, njia moja inayopendwa ni kukanyaga klachi, kupandisha mizunguko ya injini, kisha kuiachia klachi ghafla. Kwa sekunde ile, flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye injini, inayozunguka kwa kasi hukutana na giaboksi inayozunguka polepole, na tofauti yote hiyo hupigwa kama nyundo kwenye springi ndogo za sahani ya klachi, kwenye meno ya gia, kwenye maungio ya propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, kwenye difu, hadi kwenye shafti mbili zinazoingia magurudumuni. Vipuri hivi vilisanifiwa kubeba mzigo mkubwa unaopanda taratibu. Pigo la ghafla hubeba nguvu inayoweza kuzidi kwa mbali ile ambayo injini huitoa katika uendeshaji wa kawaida, na chuma huchoka kwa ndani, ufa mdogo baada ya ufa mdogo, bila dalili ya nje hadi siku kinapokatika.

Mbele nako kuna kilio chake. Usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho na gari likivutwa pembeni, viungio vya usukani na magurudumu, yaani tairodi, boljointi, bushi na beringi, hubeba mzigo wa ubavu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Pampu ya usukani wa oili hulazimika kufanya kazi kupita kawaida dereva anapozungusha usukani haraka kutoka upande hadi upande, oili yake huchemka, na sili zake huanza kuvuja. Ndiyo maana gari linaloanza kuyumba barabarani wiki chache baada ya michezo hii halihitaji kufanyiwa alaimenti tu. Linahitaji kuinuliwa, na kila kiungio kitikiswe kwa mkono.

Dhana: Matairi chakavu ndiyo yanayofaa, kwa kuwa yatatupwa hata hivyo.

Hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Mshale wa spidi kwenye dashibodi husoma mzunguko unaotoka kwenye giaboksi au kwenye magurudumu, hausomi mwendo halisi wa gari juu ya ardhi. Gari linaweza kuwa linasogea kwa kilomita 30 kwa saa huku matairi ya nyuma yakizunguka kwa mwendo wa kilomita 100. Difu ya kawaida huongeza jambo jingine. Ikiwa gurudumu moja limesimama kabisa na jingine linateleza, lile linaloteleza huzunguka mara mbili ya kasi ambayo yote mawili yangekuwa nayo kama yangezunguka sawa. Katika gari ambalo mshale wake husoma kutoka giaboksi, mshale ukionyesha 90, tairi hilo moja linaweza kuwa linazunguka kwa mwendo wa 180. Tairi lenye alama ya S limepimwa kwa mwisho wa kilomita 180 kwa saa, likiwa jipya, likiwa na upepo sahihi na likipozwa na hewa ya barabarani. Tairi kipara lililokaa juani kwa miaka halina hata moja kati ya masharti hayo.

Umri wake husomeka ubavuni. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu 4, na 2315, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mpira wa zamani hukauka na kuachana na nyaya za chuma zilizo ndani yake, na joto la drifti huharakisha mtengano huo. Tairi likipasuka katika mzunguko mkali, vipande vya mpira na nyaya huchapa ndani ya madigadi kama mjeledi, na humo ndimo zinamopita paipu ya breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki), na katika magari mengi bomba la kujazia petroli. Wanaojaza upepo kupita kiasi ili tairi liteleze kirahisi huzidisha hatari, kwa sababu presha hupanda zaidi kadiri tairi linavyopata joto.

Dhana: Kuchomelea difu ni suluhisho la bei nafuu lisilo na madhara.

Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Gia zake za katikati zikichomelewa, magurudumu hufungwa pamoja, na ni kweli kwamba gari huteleza kwa urahisi na kwa mpangilio. Lakini tuangalie hesabu. Katika gari ambalo matairi yake ya nyuma yako mita 1.5 kutoka moja hadi jingine, kona ya robo duara hulitaka tairi la nje lisafiri zaidi ya mita 2 kuliko la ndani. Difu iliyochomelewa haitoi nafasi hiyo, kwa hiyo katika kila kona ya kuingia nyumbani, kila mzunguko wa kuegesha gari sokoni, tairi moja huburuzwa na shafti zote mbili hupindwa. Gari hilo likikata kona kwenye lami iliyolowa, mkia unaweza kuachia bila dereva kutaka.

Zaidi ya hayo, gia za difu ni chuma kilichokomazwa usoni, na chuma cha aina hiyo kikichomelewa bila kupashwa joto na kupozwa taratibu hupata nyufa. Kipande kimoja cha weldi kikibanduka na kunasa kati ya meno, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga gari likiwa kwenye mwendo. Anayeshindana kiwanjani huikubali hatari hiyo na huibadilisha difu yake mara kwa mara, au hutumia difu ya sahani za kusuguana inayobadilishwa oili mara nyingi. Gari la kupeleka watoto shuleni halipaswi kuwa na difu ya namna hiyo hata kidogo.

Difu ya kawaida isiyochomelewa nayo haiko salama. Gurudumu moja likizunguka peke yake kwa muda mrefu, kama inavyotokea katika kupiga duara mahali pamoja, gia ndogo za katikati huzunguka kwa kasi juu ya pini ambayo haina beringi. Oili hutupwa mbali na pini hiyo, chuma hugusana na chuma, na pini huungua.

Dhana: Injini ina kikomo cha mizunguko, kwa hiyo haiwezi kuharibika.

Kikomo hicho hukata mafuta au cheche injini inapopita mizunguko iliyowekwa. Kinazuia jambo moja tu, la injini kujiharakisha yenyewe kupita kiasi. Dereva akikosea akaingiza gia ya pili badala ya ya nne, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hakuna kompyuta inayoweza kuzuia hilo. Valvu huchelewa kufunga na zinaweza kugongana na pistoni.

Jambo la oili ni zito zaidi, na nalitilia mkazo kwa sababu ndilo linaloua injini nyingi kimyakimya. Katika magari haya oili hukaa kwenye sampu, beseni lililo chini ya injini, na pampu huifyonza kupitia bomba moja lenye chujio. Gari linapovutwa kwa ubavu, oili hukimbilia upande mmoja. Mvuto wa ubavu ukilingana na mvutano wa ardhi, uso wa oili huinama nyuzi 45. Kama oili ilikuwa imepungua hata kidogo chini ya alama ya juu ya kijiti, mdomo wa bomba hubaki hewani, na pampu hufyonza hewa wakati injini iko kwenye mizunguko ya juu kabisa. Sekunde mbili tatu zinatosha kukwaruza beringi za krenki, shafti kuu ya injini. Gari litarudi nyumbani likiwa linakwenda vizuri, na mlio wa kugonga utaanza baada ya siku au miezi. Petroli nayo hukimbia hivyo hivyo ndani ya tenki lililo nusu, na kwa injini ya tabo, yaani inayosukumiwa hewa ya ziada, kupungukiwa na petroli chini ya mzigo mkubwa kunaweza kutoboa pistoni.

Mshale wa joto hautoi onyo la kutosha, kwa kuwa husoma joto la maji na wala si la oili. Isitoshe, rejeta imewekwa ipokee upepo wa mbele, na gari linalokwenda kwa ubavu kwa mwendo mdogo hupata upepo haba. Kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, tofauti hiyo si ndogo.

Dhana: Giaboksi ya otomatiki hulilinda gari kwa kuwa haina klachi ya kukanyaga.

Otomatiki hupunguza makali ya pigo la ghafla, lakini hubadilisha nguvu inayopotea kuwa joto ndani ya oili yake. Oili hiyo hufanya kazi vizuri katika nyuzi joto 80 hadi 90 hivi, na ikipita 120 huanza kupoteza ubora wake haraka. Ikibadilika rangi kuwa ya kahawia na kunuka kuungua, sahani za ndani zimeshaanza kuisha.

Dhana: Mvua na changarawe huondoa madhara.

Hupunguza joto la tairi, ni kweli. Lakini tairi linalozunguka kwa kasi kwenye maji likigusa ghafla lami kavu hushika kwa nguvu, na pigo lote hurudi kwenye shafti na difu.

Dhana: Kwa mwendo mdogo hakuna anayeweza kuumia.

Sehemu ya mbele ya gari imeundwa ijikunje na kumeza nguvu ya mgongano kabla haijamfikia dereva. Ubavuni kuna mlango tu, na sentimita chache kati ya bati na mbavu za mtu. Gari linaloserereka hutanguliza ubavu huo kwenye nguzo ya umeme, mti au kingo ya barabara. Mifuko ya hewa ya mbele kwa kawaida haifunguki kwa kugongwa ubavuni, na magari mengi ya miaka ya nyuma hayana mifuko ya pembeni. Kingo ya barabara ina hatari yake pia, kwani gurudumu likiigonga kwa ubavu, gari refu kwenda juu kama Noah au Prado linaweza kupinduka hata kwa mwendo usiotisha.

Watazamaji hudhani upande wa ndani wa kona ni salama. Dereva akiogopa na kuachia mafuta ghafla, matairi ya nyuma hushika tena, na gari hufyatuka kuelekea kule magurudumu ya mbele yanakoelekea, mara nyingi upande wasiotarajia. Katika viwanja rasmi watu huwekwa nyuma ya vizuizi vya zege, na dereva huvaa kofia ngumu ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma. Kwenye barabara ya mtaa hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na mkataba wa bima kubwa kwa kawaida hauhusishi gari lililokuwa kwenye mashindano au majaribio ya mwendo.

Dhana: Gari lililotoka Japani limekaguliwa, kwa hiyo historia yake haina shida.

Ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa huangalia ubora wa jumla na usalama wa wakati ule, na hauwezi kufungua difu. Mnunuzi wa Altezza au Chaser aangalie mwenyewe. Apapase kwa mkono ndani ya madigadi ya nyuma, kwani vipande vya mpira ulioyeyuka na kuganda kwenye plastiki haviletwi na uendeshaji wa kawaida. Atafute mikunjo na rangi mpya ubavuni mwa nyuma, avute hendibreki aone kama waya umelegea, na achunguze kama kuna springi au tairodi zisizo za kiwandani. Kisha aliwashe gari, azungushe usukani hadi mwisho na alizungushe polepole kwenye uwanja wa lami kavu, duara moja kulia na moja kushoto, vioo vikiwa wazi. Tairi la nyuma likilia au kurukaruka, au mlio wa kugonga ukisikika kutoka chini, difu ifunguliwe na fundi kabla ya malipo yoyote. Muuzaji akikataa ifunguliwe, gari hilo liachwe.